Kiti cha Kushoto cha Pijo

Ukipita Kiganjo ya Thika asubuhi ukaona Pijo 504 ya rangi ya maziwa inakujia kati ya bodaboda na vibanda, na nyuma ya usukani kuna kitambaa cha kijani kimefungwa kichwani kikakaza, fanya hima usogee kando. Huyo ni Ngendo, mama yake Marvin. Hana haraka, lakini pia hana habari ya kusimama ovyo. Ana miaka sitini na mbili, na leseni yake haijafunga mwaka.

Kwa miaka thelathini na moja aliijua Pijo hiyo kutoka kiti cha kushoto. Mumewe, marehemu Macharia, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika. Alikuwa mpole kwa watu wote na mgumu kwa jambo moja tu, nalo ni gari lake. Aliipata Pijo ikiwa imeshatembezwa sana na wengine, akaitunza vile watu hutunza ng'ombe wa maziwa. Jumamosi aliiosha kwa mikono yake. Jumapili baada ya kanisa alimpeleka mkewe Chania kutazama maporomoko, wakanywa chai kwenye ile hoteli ya zamani, wakarudi nyumbani. Na kila safari, kabla hajawasha, alimgeukia Ngendo akasema maneno yale yale: "Keti hapo, usiguse kitu."

Ngendo akaketi. Hakugusa kitu. Ila macho na masikio hayafungwi mkanda, na Ngendo ni mtu wa kutazama.

Pijo hiyo haina gia pale chini katikati ya viti kama magari mengine. Gia yake ni kijiti kilichochomoza ubavuni mwa usukani, upande wa kushoto, karibu kabisa na mkono wa abiria. Miaka yote hiyo alikitazama kikitembea: ya kwanza na ya pili huvutwa kwa dereva, ya tatu na ya nne huachwa mbele. Ilifika mahali angefumba macho akakwambia gari liko gia gani. Siku moja alisema, "Baba Marvin, hiyo klachi inalia." Macharia akacheka mpaka akakohoa. Wiki haikuisha, fundi wa magari akafungua, akasema klachi imekwisha. Macharia hakusema lolote. Ngendo naye, kwa heshima ya ndoa, hakusema lolote, lakini siku hiyo alipika chapati.

Kujaribu kuendesha aliomba mara moja tu, mwaka Marvin alipoingia kidato cha kwanza. Macharia alimtazama kama mtu aliyeombwa meno yake. "Na ukiigonga?" aliuliza. Maneno yakaishia hapo, au Macharia alidhani yameishia hapo.

Macharia alipofariki, miaka minne iliyopita, Pijo ilifunikwa turubai kando ya ua. Kila mwezi Ngendo alimwita fundi aje aiwashe, ingurume kidogo, isife. Fundi akiketi kwenye usukani, Ngendo husimama mlangoni akisikiliza, na roho yake humdunda kama ya msichana aliyeitwa kucheza. Kuku mmoja alijifanya mwenye gari akawa anataga kwenye kiti cha nyuma. Ngendo alimfukuza mara tatu, ya nne akamchinja.

Sasa njoo kwa Marvin. Ni mwanawe wa pekee, anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, anakaa Membley kule Ruiru na mkewe Ndinda, binti wa Kikamba aliyelelewa Makongeni. Marvin anampenda mama yake, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mtoto mbaya ni rahisi kumkatalia. Januari alinunua gari jipya, sedani nyeupe isiyo na ufunguo wa kuzungusha. Unabonyeza kitufe, linaamka bila kukohoa. Lina kioo kama televisheni kinachokuonyesha nyuma, na kiti kinachopasha mgongo joto. Jumapili moja alikuja kumchukua mama yake waende Membley kwa chakula, na Ngendo, ambaye si mwongo, alikiri kwamba hajawahi kuketi mahali pazuri hivyo. Thika hadi Ruiru hakusikia shimo hata moja. Kwa kweli hakusikia barabara kabisa.

Walipokaribia nyumba Marvin alitoa alilokuwa nalo moyoni. "Mum, Pijo ya daddy nimeipatia mtu wa kununua. Anakusanya magari za kitambo. Logbook ya umiliki iko kwa jina yangu, so hakuna stori mingi. Pale imesimama najenga vyumba mbili za kukodisha. Na wewe nakuletea kagari kadogo ka automatiki, na nikutafutie dereva."

"Dereva wa nini?" Ngendo aliuliza. "Mimi najifunza."

Ndinda, aliyekuwa kiti cha nyuma amepakata keki ya kanisani, aliinama mbele. "Unajifunza nini, mum?"

"Gari. Wiki ya tatu sasa. Driving school ya hapo Thika."

Haiya! Marvin alipiga usukani kwa furaha. Hapo hapo, kwenye barabara ya ndani ya mtaa ambapo hapakuwa na mtu wala paka, alisimamisha gari, akashuka, akamweka mama yake kwenye kiti cha dereva. Yeye akaketi kushoto. "Mum, hii ni rahisi. Inajiendesha."

Na kweli liliondoka lenyewe kama maji. Ngendo akasikia raha, akakanyaga kidogo, gari likaongeza mwendo, na mwili wake uliofunzwa wiki tatu ukamwambia: sasa ni gia ya pili. Mguu wa kushoto ukatoka mbio kutafuta klachi. Klachi haipo kwenye gari la namna ile. Kilichopo ni breki pana, na mguu wa Ngendo uliikanyaga kwa nguvu zake zote.

Sedani ikasimama kama iliyogonga ukuta. Keki ikaruka kutoka mapajani mwa Ndinda ikatua kwenye shingo ya Marvin.

Walicheka wote, hata Ngendo. Lakini Marvin, akijifuta krimu nyuma ya sikio, aliongeza neno. "Mum, kama hii inajiendesha imekushinda, Pijo utaweza? Wewe kaa tu, usijisumbue."

Hakusema kwa ubaya. Ila Ngendo hakumsikia Marvin, alimsikia Macharia. Keti hapo, usiguse kitu.

"Huyo mtu wako anakuja lini?"

"Jumamosi ya mwisho ya Machi. Saa sita, hapa kwangu."

"Nikiileta Pijo mimi mwenyewe, kutoka Kiganjo mpaka mlango yako, haiuzwi."

Marvin alicheka tena. "Sawa, mum. Ukiileta wewe mwenyewe, logbook nakupea kwa mkono."

"Ndinda, umesikia?"

"Nimesikia, mum," Ndinda alisema. "Na ahadi ni deni."

Mwalimu wake wa udereva aliitwa Kaleli, mtu mrefu mwenye subira ya kanisa na mguu mmoja usiotulia. Magari ya shule yana breki ya pili upande wa kushoto, ya mwalimu, na Kaleli kwa miaka kumi na miwili ameikanyaga hiyo breki akiokoa maisha ya watu. Alimfundisha Ngendo kwenye gari la gia ya chini. Alimpeleka kwenye mteremko wa daraja la Chania amwonyeshe namna ya kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Mara ya kwanza walirudi nyuma hadi mwenye mkokoteni akatupa mkokoteni. Mara ya sita waliondoka kama watu. Siku ya mtihani, Ngendo alisimama mbele ya ile meza yenye mji mdogo uliochorwa, akakitembeza kigari cha kuchezea kwenye mzunguko wa barabara huku akionyesha ishara kwa mkono, na vijana waliomzidi kasi ya simu wakachanganyikiwa kulia na kushoto. Alipita. Alitoka nje akaruka. Ndiyo, aliruka, na Kaleli yupo, muulize.

Zilikuwa zimebaki siku nane kufika Jumamosi ile. Kaleli alikuja Kiganjo kumwongoza kwenye Pijo. Aliingia, akapapasa katikati ya viti, akainama akatazama chini.

"Mama Marvin, gia imeng'olewa?"

Ngendo alishika mlango wa gari asianguke kwa kicheko. "Mwalimu, sogea." Akamwonyesha kijiti kando ya usukani. Kaleli hakuwahi kukigusa cha namna ile. Alikivuta, gari likasaga meno. Akajaribu tena, likasaga zaidi. Ndipo Ngendo alipoketi upande wa kulia wa Pijo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Usukani ulikuwa mkubwa kama sinia na mgumu. Alikanyaga klachi, akafumba macho, na mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe: vuta kwako, weka. Haukusaga. Gari likaingia ya kwanza kama mtu aingiavyo kwake.

"Atiriri!" alipiga kelele. "Umeona? Umeona, mwalimu?"

"Nimeona," Kaleli alisema. "Sasa nani anafunza nani?"

Siku saba walizunguka Kiganjo, ng'ombe wakipisha, watoto wa shule wakishangilia. Ijumaa jioni Marvin alipiga simu: kesho saa tatu bredauni itakuja kuivuta Pijo, mum asijichoshe. Alikuwa amesahau ahadi, au aliichukua kama mzaha wa keki. Ngendo alijibu, "Sawa, mwanangu," akaenda kulala saa mbili.

Jumamosi, saa tatu kasorobo, alivuta choki ya kuamshia injini, akawasha, Pijo ikakohoa mara mbili, ikashika. Kaleli kushoto, mkanda umefungwa. Walipofika kona ya mwisho ya mtaa, lori la kuvuta magari lilikuwa linaingia. Dereva wake alitoa kichwa nje. "Mathe, kwa Mama Marvin ni wapi?"

"Geti ya bluu," Ngendo alisema. "Lakini ametoka."

Wakaondoka, na Kaleli akacheka hadi machozi.

Mjini walipita salama, wakazunguka, wakafika pale unapoingia Thika Road. Hapo Ngendo aliona lori la mananasi na mabasi yakipita kama upepo, akatamani kugeuza. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Aliweka taa ya kuashiria, akasubiri, akaingia. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Na Pijo, ee bwana, Pijo ikanyoosha mwili. Dirisha lilikuwa wazi, kitambaa kinapigapiga, harufu ya petroli na ya majani yaliyokatwa imechanganyika. Kila kitu kilimsemesha. Usukani ulimwambia lami ina matuta, kiti kilimwambia tairi la nyuma limepita kibati, injini ilimwambia ongeza kidogo. Alikumbuka sedani ya Marvin, namna ilivyomfichia haya yote kwa adabu, na akaona kwamba ile ilimbeba vizuri sana, lakini hii alikuwa anaiendesha yeye. Furaha ilimjaa kifuani hadi akaanza kuimba wimbo wa akina mama wa kanisa kwa sauti ya juu. Juja walipita akiwa ubeti wa tatu.

Walipokuwa wakitoka barabara kuu kuingia Ruiru, bodaboda iliyobeba godoro la futi sita ilikatiza mbele yao bila kutazama, na godoro hilo, ambalo wakati mwingine wowote lingechekesha, sasa lilijaza kioo chote. Ngendo hakuwaza. Miguu yote miwili ilishuka pamoja, kulia breki, kushoto klachi, mpaka mwisho. Pijo ililala na pua, ikalia, ikasimama. Kati yake na godoro ungepitisha kuku. Na injini haikuzima. Ilibaki ikinguruma taratibu, inamngoja.

Ule mguu wa kushoto uliomwaga keki, safari hii ulikuta kitu pale ulipotafuta.

Alimgeukia Kaleli. Kaleli alikuwa amejibana kitini, mguu wake wa kulia umekanyaga sakafu kwa nguvu, akitafuta breki ya mwalimu ambayo Pijo haina.

"Mwalimu, ulikuwa unakanyaga nini?"

"Maombi," Kaleli alisema, na jasho linamtoka.

Kwenye geti la Membley askari wa zamu, Mutie, alitoka na daftari lake. Alilitazama gari, akapiga mluzi, akazunguka moja kwa moja hadi upande wa Kaleli. "Niaje boss. Gari poa sana. Andika hapa, jina ya dereva, na unaenda kwa nani."

Kaleli hakulipokea daftari. Alinyoosha kidole kulia.

Mutie alitazama usukani uko upande gani, akamwona Ngendo. "Ni wewe, mum? Pole. Sikujua." Akazunguka mbele ya gari akampa daftari kupitia dirishani.

Ngendo alilishika. Ukurasa ulikuwa umejaa majina ya watu, nambari za magari, saa. Kwa miaka thelathini na moja alipita kwenye mageti na vizuizi, na hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Jina lilikuwa la Macharia. Aliandika polepole, kwa herufi za shule: Ngendo. Pale pa kueleza sababu ya kuja akaandika: Kumtembelea mtoto.

Marvin alimkuta hapo hapo getini. Alikuja mbio na malapa, simu mkononi, Ndinda nyuma yake. Dereva wa bredauni alikuwa amempigia kwamba kwa mama hakuna mtu wala gari, na Marvin alishapiga simu ya mama yake mara kumi na moja. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa kwenye buti.

"Mum! Nani amekuletea hii gari?"

"Soma daftari," Ngendo alisema.

Marvin alisoma. Alimtazama Kaleli, Kaleli akainua mikono miwili kama mtu asiyehusika. Akasoma tena. Kisha yule kijana mwenye kazi ya kompyuta aliweka mkono juu ya paa la gari la baba yake. "Mum, hata daddy mwenyewe Thika Road aliogopa," alisema. "Ukikumbuka, tulikuwa tunapita njia ya chini."

"Nakumbuka. Nilikuwa nimeketi hapo."

Yule mkusanyaji wa magari aliwahi mapema, akawakuta wameegesha mlangoni. Aliizunguka Pijo mara mbili, akagusa kijiti cha gia kwa kidole kimoja, akapumua. "Mama, hauwezi kufikiria tena?" Ngendo akamkaribisha chai. Marvin aliingia ndani, akatoka na logbook ndani ya bahasha ya kahawia, akampa mama yake kwa mikono miwili. Habari ya vyumba viwili haikutajwa. Sedani nyeupe ilikuwa imeegeshwa pale kando, safi, imenyamaza, na Ngendo, akipita, aliipapasa boneti. Hakuwa na ugomvi nayo. Mgongo ukimuuma siku ya baridi, ataomba abebwe.

Baada ya chakula alisema anataka kuwazungusha kidogo, mpaka mjini Ruiru na kurudi. Kaleli alisema yeye amezungushwa vya kutosha kwa siku moja. Marvin, kwa mazoea, akafungua mlango wa mbele kushoto.

"Wewe nyuma," Ngendo alimwambia. "Ndinda, kuja mbele."

Marvin akaenda nyuma, akaketi pale kuku alipokuwa akitaga. Ndinda akaingia mbele, akafunga mlango polepole kama anayeogopa kuuvunja, akaweka mikono juu ya magoti. Miaka sita ameketi kushoto kwa Marvin, kwenye gari hili na lile. Ngendo aliwasha. Aligeuka kumtazama mkaza mwana wake, na maneno yakamjia mdomoni yenyewe, yaliyozoea njia.

"Keti hapo, us..."

Injini ikaendelea kunguruma. Ndinda alikuwa anamtazama.

"Lete mkono," Ngendo akasema. Akauchukua mkono wa kulia wa Ndinda, akauweka juu ya kijiti cha gia, akaweka wake juu yake, akakanyaga klachi. "Sasa. Nikikwambia vuta, vuta."

"Mum, na nikiiharibu?"

"Vuta, Ndinda."

Ndinda akavuta.